Mzigo Hauishi, Huhama

Pikipiki ndogo hueleza yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya nani, mradi mtu asome uzito wake kabla ya kusoma stika zake. Honda CRF50F, mfano unaojulikana zaidi wa aina hii, ina kilo 50 hivi ikiwa imejazwa mafuta na oili, na kiwanda kinashauri kwamba dereva wake asizidi kilo 40. Injini yake ni ya cc 49, ina gia tatu, klachi inayojishika yenyewe bila mkono, na breki za ngoma mbele na nyuma. Ni chombo cha mtoto. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 watu wazima wa kilo 75 na kuendelea wameipanda, wameirusha juu ya vilima vya udongo na kushindana nayo, na biashara kubwa ya vipuri vya mbio imestawi katika pengo lililopo kati ya kilo zilizokusudiwa na kilo zilizokalia kiti. Mnunuzi wa kawaida huanzia kwenye injini: silinda kubwa, kabureta kubwa, ekzosi yenye mngurumo. Makala haya yanadai kwamba anaanzia mwisho. Kipuri cha mbio hakiufuti udhaifu wa pikipiki, bali huuhamisha kutoka sehemu moja hadi nyingine. Na fedha iliyotumika vizuri ni ile iliyotangulia kufika pale mzigo unapoelekea.

Jina la pikipiki hizi kwa Kiingereza, pit bike, linatokana na piti, yaani eneo la pembeni mwa uwanja wa mbio ambako timu huegesha magari yao, hufungua injini na kubadilisha matairi. Eneo hilo huwa kubwa, na vipikipiki vidogo vilitumika kuwafikisha madereva na mafundi upande mmoja na mwingine. Lakini ukoo wake ni wa zamani zaidi. Mwaka 1961 Honda ilitengeneza Z100, pikipiki ya kuchezea watoto katika bustani ya burudani ya Tama Tech huko Tokyo. Mtu mzima aliyeipanda alionekana amejikunja kama nyani, na ndipo lilipotoka jina la Monkey. Mwaka 1967 ikaingia sokoni Z50M. Baadaye ikaja Z50R iliyouzwa kuanzia 1979 hadi 1999, kisha XR50R mwaka 2000, na CRF50F mwaka 2004. Zote zilibeba injini ya cc 50 hivi ambayo silinda yake imelala karibu usawa wa ardhi, muundo wa ukoo wa Super Cub ya mwaka 1958, pikipiki ambayo jumla ya zilizotengenezwa ilivuka milioni 100 mwaka 2017. Kwa wingi huo, haishangazi kwamba vipuri vilizaliwa kila mahali. Japani kulikuwa na makampuni kama Takegawa na Kitaco, yaliyojijengea jina kwa vipuri vya Monkey. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mabingwa wa motokrosi walipoanza kushindana wao kwa wao kwa vipikipiki hivi, zikachipuka karakana za fremu na shokamzoba. Na China viwanda vya Chongqing, vikiwemo Lifan na Zongshen, vikaanza kutoa injini za umbo lilelile zenye cc 110, 125 na 140.

Urithi huo una faida moja kubwa na mtego mmoja mkubwa, na vyote viwili vinatokana na jambo lilelile: mashimo ya bolti yanalingana. Injini ya cc 125 inaweza kukaa kwenye fremu iliyozaliwa na injini ya cc 50 bila marekebisho mengi. Kwa macho kazi imekamilika siku ileile. Lakini bolti kuingia kwenye tundu lake kunathibitisha kipimo tu, hakuthibitishi nguvu. Mhandisi aliyechora pikipiki ya awali alipima unene wa kila bomba, upana wa kila breki na ugumu wa kila springi kwa hesabu ya mtoto anayekwenda polepole. Sehemu zake zote zilikubaliana. Anayebadilisha moja amevunja makubaliano hayo, naye ana wajibu wa kuzipatanisha upya zilizobaki.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Pikipiki ya kilo 50 na mtoto wa kilo 40 ni jumla ya kilo 90. Mweke mtu wa kilo 75, jumla inakuwa kilo 125, yaani ongezeko la karibu asilimia 39. Sasa tuseme injini mpya imeipandisha kasi kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 60. Nishati ya chombo kinachokwenda hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo mabadiliko hayo ya kasi peke yake yanaizidisha mara 2.25. Ukiunganisha uzito na kasi, breki inatakiwa kugeuza kuwa joto nishati inayozidi mara tatu ile ya awali. Breki ya ngoma ya mtoto haijui kwamba umenunua silinda mpya. Itapata joto, itapungua kushika, na mahali pa kusimama patasogea mbele kwa mita kadhaa, nazo zinaweza kuwa mita za ukuta, za mti au za mtu.

Kwa sababu hiyo orodha ya manunuzi inapaswa kuanzia chini na kupanda juu. Cha kwanza ni matairi na breki. Tairi la inchi 10 lenye meno ya udongo laini, likiwa na upepo wa kiasi kinachofaa, hubadilisha tabia ya pikipiki zaidi ya vipuri vingi vinavyong'aa, kwa maana nguvu yoyote ya injini na ya breki hupita katika eneo dogo ambapo mpira umegusa ardhi. Baada ya tairi ni breki ya diski ya haidroliki, walau mbele, kwa kuwa wakati wa kufunga breki uzito wa dereva humiminikia gurudumu la mbele. Hapo hapo ubadilishaji mmoja unavuta mwingine: breki kali ya mbele huipinda foku laini ya mtoto. Foku ya asili ya pikipiki hizi ina springi bila mfumo wa maana wa oili wa kuituliza springi hiyo. Dereva mzito akitua kutoka kwenye kilima, springi hujikunja hadi mwisho, kisha humrusha kama alivyokuja. Kazi ya foku nzuri ni mbili: kuupokea mshindo, na kuirudisha springi taratibu ili gurudumu libaki ardhini. Foku isiyofanya kazi ya pili ni springi ya kitanda iliyofungwa gurudumu.

Nyuma nako hali ni hiyohiyo. Shokamzoba ngumu iliyotengenezwa kwa mtu wa kilo 75 haimezi mshindo wote. Sehemu ya mshindo huo huisukumia kwenye fremu pale inapofungwa, na kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Mafundi waliozoea kazi hii huwa wanajua pa kutazama: kwenye weldingi zilizo karibu na shingo ya usukani, kwenye mashikio ya shokamzoba, na kwenye vikanyagio ambavyo hupinda kuelekea chini. Ndiyo sababu miongoni mwa vipuri vya mwanzo kabisa kupata soko Marekani vilikuwa vyuma vya kuizungushia injini kwa chini na kuifunga kwenye fremu, pamoja na mikono ya nyuma iliyo imara zaidi na usukani mrefu usiokunjika. Vitu hivyo havina sauti wala haviongezi hata kilomita moja ya kasi. Lakini wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mshindo nao unaweza kupita kwenye tairi, kwenye foku au kwenye shokamzoba, na marejeo yake ni kwenye fremu.

Kabla ya kuifungua injini ipo hatua moja ambayo gharama yake ni ndogo na faida yake huonekana mara moja, nayo ni sproketi. Tuchukue mfano wa sproketi ya mbele yenye meno 14 na ya nyuma yenye meno 37. Ukiweka ya mbele yenye meno 13, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka kwa karibu asilimia 8 katika kila gia, na kasi ya juu inapungua kwa karibu asilimia 7. Katika uwanja mdogo wenye kona nyingi, ambako hakuna anayefika kasi ya juu kabisa, biashara hiyo ni ya faida tupu. Tena ni kipimo kizuri cha haja. Mtu akibadilisha sproketi na kuridhika, amejua kwamba alichokosa ni mvuto wa kutokea kwenye kona, wala si injini kubwa. Asiporidhika, angalau sasa anajua anachokitafuta ndani ya injini.

Injini yenyewe ni pampu ya hewa. Nguvu yake inategemea kiasi cha hewa inachoweza kuvuta, kuchanganya na petroli kwa kipimo, kuchoma na kutoa nje, halafu kurudia mara nyingi kwa dakika. Katika CRF50F pistoni ina kipenyo cha milimita 39 na inasafiri milimita 41.4, hapo ndipo zinapotoka cc 49. Seti maarufu ya kupanua huleta silinda ya milimita 52 huku safari ikibaki ileile, na jumla inafika cc 88. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 78 ya hewa katika kila mzunguko. Ongezeko kama hilo hakuna kabureta wala ekzosi inayoweza kulifikia peke yake, na ni haki kwamba watu hulitamani. Lakini tazama kinachofuata. Uwiano wa mgandamizo wa injini ya asili ni 10 kwa 1. Kama silinda ingepanuliwa na nafasi iliyobaki juu ya pistoni isiguswe, uwiano huo ungepanda hadi karibu 17 kwa 1, kiwango ambacho petroli ya kawaida haikivumilii: mchanganyiko ungelipuka kabla ya wakati na kuigonga pistoni kama nyundo. Kwa hiyo seti iliyotengenezwa kwa akili huja na pistoni yenye kishimo juu, au na kichwa cha silinda chenye chumba kikubwa zaidi. Anayenunua silinda na pistoni za bei rahisi bila kuuliza habari za kichwa amenunua nusu ya hesabu.

Hewa ikiongezeka, petroli lazima iongezeke. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli huungua kikamilifu na sehemu 14.7 hivi za hewa, na injini inayotafuta nguvu hupenda mchanganyiko mzito kidogo kuliko huo. Anayefunga chujio la wazi na ekzosi ya mbio bila kubadilisha jeti za kabureta anaiongezea injini hewa na kuinyima mafuta. Pikipiki itanguruma vizuri, huenda hata ikaonekana nyepesi, huku ndani inachemsha. Mwisho wake ni pistoni kuyeyuka ukingoni au injini kunoki. Dalili husomeka kwenye plagi: rangi ya kahawia hafifu ni afya, masizi meusi na makavu ni mafuta mengi mno, na weupe wa chokaa ni onyo. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kuwa makini. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kabureta iliyopangwa vizuri Mombasa itakuwa na mafuta mengi kupita kiasi ikifika Nairobi, na pikipiki itakuwa nzito na yenye moshi. Kosa la upande wa pili ndilo baya: jeti zilizochaguliwa kwa hewa nyepesi ya Nairobi zitaifanya injini iwe na njaa ya mafuta ikishuka pwani, penye hewa nzito na joto. Kenya na Uganda zina mbio za motokrosi zenye madaraja ya watoto wa cc 50, na mzazi anayeisafirisha pikipiki kutoka uwanja mmoja hadi mwingine afungashe jeti kadhaa pamoja na kofia ngumu.

Mzigo haujasimama bado. Kuchoma hewa zaidi kwa asilimia 78 ni kuzalisha joto zaidi kwa kiasi kinachokaribia hicho, katika injini inayopozwa na upepo unaopita kwenye mapezi yake na kwa oili ambayo ukiibadilisha unajaza lita 0.6 tu. Kiasi hicho kidogo hupaka, huosha na hupoza kwa wakati mmoja. Kipoza oili si pambo basi, na ratiba ya kubadilisha oili iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto haifai tena. Klachi nayo, iliyopimwa kwa nguvu ndogo, itaanza kuteleza mpaka ipate springi ngumu na sahani bora, au ibadilishwe iwe ya mkono. Kisha kuna krenki na beringi zake. Nguvu inayoivuta na kuisukuma pistoni inapogeuka juu na chini hukua kwa mraba wa mizunguko; kutoka mizunguko 8,000 kwa dakika hadi 10,000 ni ongezeko la robo, lakini mvuto huo unaongezeka kwa asilimia 56, na pistoni ya milimita 52 ni nzito kuliko ya milimita 39. Kemshafti ya mbio inayoialika injini kuzunguka haraka, ikifungwa juu ya krenki ya asili na springi za valvu za asili, inaialika mahali ambapo mwenyeji hajajiandaa.

Atakayepinga hoja hii atasema kwanza kwamba injini ndiyo raha yenyewe. Hakuna anayeota foku. Raha hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa. Lakini mwendo katika uwanja mdogo hujengwa na muda ambao dereva anathubutu kuvuta mafuta. Mwenye foku tulivu na breki ya kuaminika hufunga mafuta akiwa amechelewa, huyafungua mapema, na hupita palepale ambapo mwenye injini kubwa na springi zinazoruka anapambana na usukani. Nguvu isiyoweza kutumika haihesabiwi. Pia atakayeanza na vyuma vya chini hapotezi kitu akiongeza injini baadaye, ilhali atakayeanza na injini hulipa mara mbili: analipia injini, kisha analipia fremu iliyovunjika kwa sababu yake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwa nini mtu ahangaike na kipuri kimoja kimoja wakati China inauza pikipiki nzima ya cc 125 au 140 yenye foku ndefu, diski mbili, tairi la inchi 14 mbele na 12 nyuma, wakati mwingine kwa bei isiyozidi jumla ya vipuri vizuri? Kwa mtu mzima anayeanza upya, jibu la haki ni kwamba huenda hiyo ndiyo njia bora, na sababu yake inaiunga mkono hoja hii badala ya kuibomoa. Pikipiki hiyo ni nafuu kwa sababu sehemu zake zilipimwa pamoja kwa mzigo wa mtu mzima tangu mwanzo. Kinachobaki ni kuikagua: kukaza nati na spoki, kubadilisha oili ya kiwandani mapema, kutazama weldingi na beringi za magurudumu. Naye mwenye pikipiki kama hiyo akianza kuiongezea nguvu, anarudi kwenye swali lilelile kwa hatua moja juu zaidi.

Wengine huamini kwamba kipuri kikiitwa cha mbio basi ni imara kuliko cha kiwandani. Hilo ni kosa la lugha linalogharimu fedha. Kipuri cha mbio hutengenezwa ili kishinde, na mara nyingi kushinda maana yake ni kuwa chepesi, kuzunguka haraka na kufunguliwa mara kwa mara na fundi anayekitazama baada ya kila shindano. Uhai mrefu bila kuguswa ni sifa ya kipuri cha kiwandani. Anayetaka cha mbio akubali daftari la matengenezo: saa za kuendesha, tarehe ya oili, valvu zilipimwa lini. Kwenye soko lililojaa nakala, daftari hilo ndilo pia humjulisha mtu kama alichonunua kina thamani ya jina lililochapwa juu yake.

Limebaki suala la mtoto, ambaye ndiye aliyekusudiwa tangu mwanzo. Pikipiki yake ina skrubu kwenye mkono wa mafuta inayomwezesha mzazi kupunguza kiasi cha kuvuta, ili nguvu iongezwe kadiri mtoto anavyokua na kujifunza. Kifaa hicho kidogo kina busara yote ya makala haya: nguvu ifuate uwezo wa kuibeba. Mzazi anayeweka silinda ya cc 88 chini ya mtoto wa miaka sita amemwongezea mwendo bila kumwongezea miguu ya kufika chini wala mikono ya kuumudu usukani, na pengine amemtoa katika daraja la cc 50 aliloruhusiwa kushindania. Kwake fedha iende kwenye buti, kinga ya kifua, glovu za kipimo chake, matairi mazuri, na springi zinazolingana na uzito wake wa leo.

Kwa hiyo mteja anayesimama mbele ya kaunta ya vipuri hahitaji kuwa mhandisi. Anahitaji swali moja, aliulize kwa kila kitu anachooneshwa: hiki kikifungwa, mzigo utahamia wapi? Silinda itauhamishia kwenye kabureta, klachi na oili. Kasi itauhamishia kwenye breki. Breki kwenye foku. Foku kwenye shingo ya fremu. Muuzaji anayejua kazi yake atajibu bila kusita, na jibu lake litakuwa jina la kipuri kingine. Hicho cha pili ndicho cha kununua kwanza.